Mkono Kwenye Kola

Aliyenipigia simu kunipa habari ya msiba hakuanza na salamu. Alikuwa dada wa marehemu, mama mzima anayeheshimika hapa Sumbawanga, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nina picha ya kaka yake. Nilikuwa sokoni, nimeinama juu ya debe la maharage, na kwa kuwa kaka yake ndiye fundi picha wetu, nilimjibu kwamba picha zote anazo fundi mwenyewe, amwulize. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyelia asubuhi nzima, kwamba kaka yake haulizwi tena. Amefariki alfajiri hospitalini, kifua kimemshinda, na nyumba nzima inatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza. Nikaliacha lile debe la watu pale pale, nikaondoka bila hata kumuaga mwuzaji.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba sina desturi ya kuandika vifo. Wakubwa wakifa wana wa kuwaandika, na wadogo huwa nawaachia ndugu zao. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila siku, mimi na fundi. Tulikuwa watu wa kusalimiana kibarazani kwake, kukaa kidogo kupisha upepo, na kukutana kwenye harusi za watu. Lakini huyu nitamwandika, maana sijui nyumba ya hapa mjini, wala ya Laela, wala ya kule bondeni Ilemba, isiyokuwa na picha ya harusi aliyoipiga yeye. Tuko ukutani kwa mkono wake, sisi na wazazi wetu na wadogo zetu, na siku alipokufa ikaonekana kwamba yeye hakuwa ukutani kwa mtu yeyote. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nadhani wahenga hao hawakufika Ufipa. Huku kwetu mtu anaweza kumpenda mkewe mpaka akaumwa, na jirani wa ukuta mmoja asijue. Bibi harusi wa huku akicheka siku ya harusi yake, shangazi zake watamwuliza nyumbani kwao kulikuwa na ubaya gani hata afurahie kuondoka hivyo. Kwa hiyo anainamisha macho, ananuna kidogo kwa heshima, na bwana harusi naye anasimama kando kama askari aliyeambiwa asiguse kitu. Wenzetu wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, harusi zao zina ngoma na vumbi jingi, lakini mbele ya mkwe ni yale yale, mtu anatafuta pa kuficha mikono. Hawa ndio waliokuwa wateja wa fundi. Mavuno yakishaingia ghalani, harusi zikaanza kufuatana, kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu wawili waliopendana kimya na kuwapiga picha bila kuwaaibisha.

Niliiona kazi hiyo kwa karibu kwenye harusi moja ya Laela, ambako nilikuwa katibu wa kamati. Kaka wa bibi harusi, kijana anayefanya kazi mbali, alikuja na mpiga picha wake kutoka mji mkubwa, na fundi wetu akaajiriwa tu kupiga picha za ukoo. Tulipotoka kanisani tukaenda kwenye ukingo wa shamba lililokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu, upepo unaipeperusha shela mpaka mpambe anaikimbilia. Yule mpiga picha mgeni akawaambia maharusi wakumbatiane. Wakasogeleana kama watu wanaopishana mlangoni. Akawaambia wabusiane. Baba mzazi wa bibi harusi, mkulima mzee aliyeshika kofia yake kifuani, alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Alisikia neno lile, akageuka, akaingia kwenye mabua akaenda zake, na tukaisikia tu sauti ya mabua yakivunjika. Bibi harusi akaanza kulia. Hakulia kile kilio cha adabu ambacho kila mtu hukitegemea. Alilia kwa aibu, na wanja wote ukamshuka mashavuni. Kaka mtu akafoka kwamba dada yake anawaangusha, na mimi, katibu mzima, nikawa natazama viatu vyangu.

Fundi hakumgombeza mtu. Alitugeuza sote, kamati, wapambe na yule mgeni, tutazame barabara ya Tunduma kana kwamba kuna la maana linapita. Nilisikia tu sauti yake ya chini akizungumza na bwana harusi. "Usinitazame mimi," alisema. "Mwulize kama amekula. Halafu ngoja akujibu." Bwana harusi akauliza. Ikapita kitambo, kisha nikamsikia binti akisema hajala tangu jana, maana shangazi zake walimwambia gauni litambana. Na yule kijana, mwalimu wa shule ya msingi asiyekuwa na maneno mengi, akaingiza mkono, kama nilivyosimuliwa baadaye, kwenye koti la suti ya kuazima akatoa nusu ya chapati iliyofungwa kwenye tishu, ambayo mama yake alimlazimisha kuichukua asubuhi. Nilipogeuka, fundi alikuwa ameshashusha kamera. Picha hiyo baba mtu aliitundika sebuleni kwake, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na ukimtembelea atakuonyesha. Mwanawe anatafuna, macho yameiva kwa kulia, na mwanamume anamtazama kuona kama chapati imeshuka vizuri. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Msidhani swali lile lilikuwa hirizi. Mara moja alilitumia hapa hapa mjini, kwenye harusi kubwa yenye magari mengi, na bwana harusi akajibu kwa sauti kwamba kwani kwao hawakupika. Watu wakacheka. Fundi hakucheka, ila aliendelea na kazi, akapiga picha nzuri tupu, kila taa mahali pake. Nilipompongeza jioni, aliniambia leo amepiga nguo. Sikumwelewa. Mwaka haukupita, yule binti akarudi kwao na begi lake. Nilipomkumbusha fundi maneno yale alikasirika, akasema si jambo la kujivunia, na kwamba angekuwa na ujasiri angemwambia mtu mapema. Hilo lilimkaa moyoni. Kila nikipita studio kwake nikaona albamu za harusi dirishani, najua iko moja aliyoitoa akaificha.

Miaka hii ya karibuni kazi ilimpungua. Sasa maharusi wanapigwa picha hata kabla ya harusi, wamevaa sare, wamelala kwenye majani ya milima ya Mbizi kama watu walioshindwa na safari. Wanaingia ukumbini wakicheza, video inarushwa mitandaoni kabla keki haijakatwa. Nimeona droni ikipita juu ya uwanja wa kanisa na kuku wa padri wakikimbilia chini ya gari la maharusi. Mimi hayo yananikera, sifichi. Yeye hayakumkera. Nilipoanza kulalamika kibarazani kwake, alinikatiza akasema anayeweza kukumbatiana akumbatiane, raha iliyoje, ila wasioweza nao wanaoa, na nani atawapiga hao? Vijana walikuwa wanaziita picha zake picha za pasipoti. Alizipokea dharau hizo kwa upole ambao mimi sina. Lakini nadhani zilimuumiza, maana siku moja aliniuliza ghafla kama ni kweli kwamba mtu asiyeonyesha mapenzi huhesabiwa hana. Nilimjibu kwa mzaha. Ningejua ningemjibu vizuri.

Yeye mwenyewe na mkewe walikuwa hivyo hivyo. Mkewe ni mtu wa Ilemba, bondeni, kwenye joto, na baridi ya huku juu hakuizoea hata siku moja. Kila nilipofika kwao nilimkuta amevaa koti kuukuu la mumewe juu ya kitenge, anapukuchua mahindi au anapepeta ulezi, na fundi amekaa upande wa pili wa ua anafuta lenzi. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya habari za chumvi, mbolea na watoto wao wa kike walioolewa mbali. Dada zake fundi hawakumpenda sana wifi yao. Walisema ni mkavu. Walisema kaka yao, mtu mpole vile, kajipatia jiwe la kusagia.

Kipupwe kilichopita, fundi akiwa ameshaanza kukonda, nilikwenda kumjulia hali. Jua la mchana lilikuwa limeingia uani na upepo ulikuwa umetulia. Bila utangulizi akanikabidhi kamera yake, akasema nimpige na huyu, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Mama yule hakusimama. Alisema picha ya nini, na mtu mwenyewe anaumwa, na mahindi haya yatapukuchuliwa na nani. Fundi akasema ni mara moja tu. Basi mama akaja, akajifuta makapi, akavua lile koti akamvalisha mumewe kwa kuwa alianza kutetemeka, akasimama pembeni mwa kiti na mikono imeshuka. Na hapo ndipo nilipoona ajabu. Mganga hajigangi. Mtu aliyewapanga maharusi wote wa mkoa huu hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliiweka magotini, akaikunja, akaificha. Alinielekeza mimi vizuri, nisogee kushoto, nisilielekee jua, nisibane pumzi, lakini mwenyewe alikuwa amekakamaa kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano.

Nikataka kumsaidia kwa dawa yake mwenyewe. Nikamwambia, "Fundi, mwulize kama amekula."

Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamshika kwelikweli, akainama. Nikashusha kamera. Mkewe hakuniangalia mimi wala kamera. Alimngoja mpaka kilipotulia, akamwinua bega, akamrekebishia kola ya koti iliyokuwa imejikunja shingoni, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya chumvi na mbolea, "Wewe ndiye hujala tangu asubuhi." Fundi akamtazama. Nikabonyeza, sijui hata nilikumbukaje. Nilipompa kamera aliitazama ile picha kwenye kioo kwa muda mrefu, halafu akaniambia nimekata miguu. Nikaomba nirudie. Akasema hapana, iache, na usiifute. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kumwekea uji.

Ndiyo maana, siku ya msiba, mimi ndiye niliyejua kwamba picha ipo. Nilifika nyumbani kwake nikakuta turubai limeshafungwa uani. Mjane amekaa ndani kwenye godoro, ukuta mgongoni, macho makavu. Wanawake walikuwa wanaingia kwa vilio na kumwangukia, naye anawapokea mabegani mmoja mmoja na kuwanyamazisha, kana kwamba wao ndio waliofiwa. Nje, wifi zake waliona na wakasema. Nilisikia kwa masikio yangu mmoja akinong'ona kwamba mtu aliyempenda mumewe angetoa hata chozi moja. Mwingine akaongeza kwamba mambo yakishaisha itafaa arudi kwao Ilemba, nyumba ni ya kaka yao, na huyu hakuwahi kuwa na moyo naye. Ndugu wakinong'ona msibani kwa namna ile, mara nyingi jambo limeshaamuliwa kabla ya kikao cha ukoo. Mama yule hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Wazazi wake walishazikwa kule bondeni siku nyingi.

Nilimwambia yule dada mkubwa, aliyenipigia simu, kuhusu kamera. Tukaitoa kabatini, tukaenda pamoja studio ya jirani kusafisha picha, maana ya fundi siku hiyo ilikuwa imefungwa. Ilipotokea kwenye kompyuta, kitu cha kwanza dada mtu alichokiona ni kwamba wifi yake yumo. Akasema haiwezekani. Na kwa hilo alikuwa sahihi, maana huku kwetu huwezi kuweka sura ya mtu aliye hai juu ya jeneza. Ni kumwitia kifo, hakuna mzee atakayekubali. Akamwagiza binti wa studio amkate wifi, abaki marehemu peke yake. Nikasema angalau tumwulize mwenyewe. Tukampigia simu, na mjane akajibu, bila kuchelewa, "Mnikate tu. Mradi yeye aonekane."

Binti wa studio akamkata. Akakata kitenge, akakata bega, akakata uso. Lakini mkono haukukatika. Ulikuwa umeingia mpaka shingoni kwa fundi, vidole viwili viko ndani ya kola, na ukiuondoa unaondoa na kidevu chake. Wakajaribu kuufuta kwa kompyuta, shingo ikawa kama ya mtu aliyenyongwa. Dada wa marehemu akasimama nyuma ya kiti akitazama. Akaona kaka yake amegeuza uso pembeni, anatazama mtu asiyekuwepo kwenye picha, na uso ule, kwa miaka yote aliyomjua tangu wakiwa watoto wa mama mmoja, nadhani hakuwahi kuuona. Studio ilikuwa inafungwa na misa ni kesho yake asubuhi; akaambiwa achague, akasema basi, itolewe hivyo hivyo.

Na ndivyo fundi wetu alivyoingia kanisani. Juu ya jeneza, ndani ya fremu, mwanamume aliyekonda anamtazama mtu, na mkono wa mwanamke, mkavu, wenye vumbi la mahindi kwenye kucha, umeshika kola ya koti lake. Tulipopanga mstari kutoa heshima za mwisho, niliona watu wakifika pale na kupunguza mwendo. Walikuwemo maharusi wake wa zamani, wengine wamezeeka, wengine na wajukuu. Mkulima wa Laela alikuja na kofia kifuani. Kila mmoja aliutazama ule mkono, kisha akageuka kumtafuta mwenye nao, aliyekuwa amekaa benchi la mbele amejifunika kitenge, na juu ya kitenge koti lile lile. Mimi nililia pale, nami huwa nachelewa sana kulia.

Baada ya maziko watu walirudi uani, sufuria zikafunuliwa, ugali na maharage vikaanza kupita. Kwenye misiba yetu waombolezaji hula, na wafiwa wenyewe husahauliwa kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake amewapelekea. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikamwona yule dada mkubwa akinawa mikono, akachukua sahani, akaifunika kwa kanga, akapita katikati ya ndugu zake bila kumtazama yeyote. Akaingia chumbani, akaketi kwenye godoro pembeni mwa mjane, bega kwa bega. Alikaa hivyo kwanza, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kisha akasema, "Wifi, umekula?"

Mjane akatikisa kichwa. Akafungua mdomo kujibu, na badala ya jibu kikatoka kilio ambacho sijapata kukisikia, kilio cha mtu aliyekuwa ameshikilia mlango kwa siku nyingi na sasa ameachia. Wifi yake alimshika mpaka kikaisha, sahani ikiwa imewekwa sakafuni. Uani maongezi yalikatika. Habari ya kurudi Ilemba haikuingia kwenye kikao cha ukoo, na nasikia yule dada hupita pale kila jioni akitoka sokoni.

Sina la kuwafundisha ninyi mnaokumbatiana hadharani. Endeleeni, Mungu awazidishie. Nawaambia sisi tulio wengi, tuliolelewa kuinamisha macho. Fundi aliniuliza kama asiyeonyesha huhesabiwa hana, na nilimjibu kwa mzaha. Jibu lenyewe ni kwamba anayo, na mwenzake anajua. Ila ndugu na majirani hawajui, na siku mmoja wenu akiondoka, hao ndio watakaomhukumu anayebaki. Kwa hiyo msiwapime wafiwa kwa machozi. Na pale mtaani kwenu, kama kuna mtu aliyezoea kuulizwa swali lile dogo kila siku na sasa hana wa kumwuliza, mpelekee sahani, keti naye, mwulize wewe. Halafu ngoja akujibu.